Ndege "kupotea" vitani: si kila iliyopotea ilitunguliwa

Imekuwa mazoea. Mtu anaweka picha ya ndege ya mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia, anataja jina lake na mwaka, kama ile Lady Be Good ya 1943, kisha anamalizia: "ilitunguliwa." Ukimuuliza ilitunguliwa na nani, anakujibu kwamba kwenye orodha imeandikwa ilipotea. Kwake mambo hayo mawili ni mamoja.

Tulimalize hili haraka. Ndege kupotea, kwa lugha ya makarani wa jeshi la anga, ni kutoka kwenye hesabu ya kikosi. Jana ilikuwepo, leo haipo, au ipo lakini haitaruka tena. Basi. Neno hilo halisemi ndege iliangukia wapi, wala kwa sababu gani, wala kama waliokuwamo wako hai. Kutunguliwa ni habari ya sababu, na lazima awepo mtunguaji: rubani wa adui angani au mzinga uliokuwa ukimsubiri chini. Kila ndege iliyotunguliwa imepotea. Kinyume chake hakipo, na hapo ndipo watu wanapoteleza.

Mbona iwe muhimu? Kwa sababu idadi ya ndege zilizopotea kwa mambo mengine kabisa ni kubwa mno kuiachia pembeni. Kikosi cha mabomu cha Uingereza kilipoteza watu 55,573 katika vita ile, kati ya takriban 125,000 walioruka nacho. Katika hao waliokufa, zaidi ya 8,000 walikufa kwa ajali: mazoezini, kwenye ukungu wa asubuhi, wakiruka au wakitua. Marekani nako, karibu askari 15,000 wa anga walikufa kwa ajali ndani ya nchi yao wenyewe, hata adui hawajamwona. Tena kuna ndege zilizorudi nyumbani zikatua salama, fundi akazizunguka mara moja na kutikisa kichwa. Waingereza waliziandika daraja E, yaani hazifai kutengenezwa. Rubani yuko kantini anakunywa chai, na ndege yake imeshaingia kwenye orodha ya zilizopotea.

Wamarekani walilijua tatizo hili mapema kuliko sisi tunaobishana leo. Mwaka 1943 walianzisha fomu maalumu ya kuripoti wafanyakazi wa ndege waliopotea, ijazwe ndani ya saa 48. Afisa aliulizwa ndege ilionekana mara ya mwisho wapi, hali ya hewa ilikuwaje, injini zilikuwa na namba gani, hata bunduki zake. Halafu swali la sababu: ndege imepotea, au inaaminika imepotea, kutokana na nini? Ndege za adui, mizinga ya adui, mambo mengine. Weka alama sehemu moja tu. Angalia walivyokuwa waangalifu: "inaaminika." Karani wa vita, mwenye foleni ya fomu mezani na barua za kuwaandikia mama wa waliopotea, alijua kutenganisha anachokijua na anachokidhania. Mtu wa leo mwenye simu na muda wa kutosha hataki.

Mfano wenyewe unaonipandisha presha ni Lady Be Good, maana hiyo nimeiona "ikitunguliwa" mara nyingi kuliko ninavyoweza kuvumilia.

Ilikuwa ndege ya mabomu aina ya B-24D ya Marekani, injini nne, ya Kundi la 376 la mabomu, lenye kambi Soluch, kusini kidogo ya Benghazi, Libya. Ilifika kikosini mwishoni mwa Machi 1943. Tarehe 4 Aprili ikatumwa pamoja na nyingine 24 kushambulia bandari ya Naples, Italia. Rubani alikuwa luteni William Hatton, na kwa yeye na wenzake wanane hiyo ndiyo ilikuwa safari yao ya kwanza ya vita. Kwa hiyo wanaoandika "historia ndefu ya mapambano" nao wapunguze. Historia ya utumishi wake inatosha kwenye kipande cha karatasi ya kufungia karanga.

Siku ile upepo ulikuwa mkali na mchanga umejaa hewani. Ndege kadhaa zilirudi njiani, mchanga umeingia kwenye injini. Hatton aliendelea, akafika karibu na Naples jioni, giza likiwa linaingia na shabaha haionekani vizuri. Mabomu yake yakaishia baharini. Akageuza kurudi, peke yake, usiku.

Baada ya saa sita ya usiku aliita kwa redio: kifaa chake cha kuelekeza hakifanyi kazi, anaomba aelekezwe. Kituo cha redio cha Benina, karibu na Benghazi, kikampima kikampa mwelekeo. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mitambo ya wakati ule iliweza kutambua mstari ambao ndege imo, lakini haikuweza kujua kama ndege iko upande huu wa kituo au upande ule. Kituo kilimhesabu bado yuko juu ya bahari, anakuja. Kumbe alikuwa ameshapita. Kambini walirusha mafataki ya kumwonyesha njia, hakuyaona. Ndege iliendelea kusini, ndani ya jangwa, kwa kama saa mbili nyingine, ikisukumwa na upepo wa nyuma ambao hakuna aliyekuwamo ndegeni aliyeutambua, na wote tisa wakiamini chini yao ni maji.

Saa nane usiku, mafuta yakiwa yanaisha, wakaruka kwa parachuti. Ndege tupu ikaenda kilomita 26 zaidi na kujilaza mchangani yenyewe, ikakatika nyuma lakini kwa sehemu kubwa ikiwa nzima.

Hakuna risasi. Hakuna kombora. Hakuna Mjerumani.

Jeshi liliitafuta baharini, kwa kuwa ndiko akili ilikoelekea, halikuona kitu. Likaandika imepotea. Na hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame kidogo: neno lile lilikuwa sahihi mwaka 1943, na lilibaki sahihi mwaka 1958 wafanyakazi wa utafutaji mafuta walipoiona kutoka angani, na mwaka 1959 watu walipoifikia ardhini, kilomita zaidi ya 700 kutoka Soluch. Ndani walikuta maji ya kunywa, redio inayofanya kazi na bunduki ambayo bado ingefyatua. Kama karani angejitia ujuzi akaandika "imetunguliwa baharini", angekosea mara mbili kwa maneno mawili.

Kuna kosa la pili linalotembea pamoja na hilo, nalo ni kuchanganya ndege na watu. Ndege iliyopotea ni mali iliyotoka kwenye hesabu. Mtu aliyepotea vitani ni hali ya kisheria: si hai kwa uhakika, si maiti kwa uhakika. Marekani ilikuwa na sheria ya mwaka 1942 iliyoruhusu mshahara wake uendelee kwenda kwa familia, na baada ya miezi kumi na miwili bila habari yoyote, jeshi liliweza kumhesabu amekufa. Wanaume wa Hatton walikuwa wamepotea kwa maana hiyo wakati bado wanatembea. Wanane walikutana baada ya kuruka. Wa tisa, John Woravka, parachuti yake inaonekana haikufunguka vizuri. Walikuwa na nusu chupa ya maji kwa wote. Rubani msaidizi, Robert Toner, aliweka shajara, na mstari wa mwisho ni wa 12 Aprili: msaada bado, usiku baridi kali. Wakielekea kaskazini, watano walifika karibu kilomita 130 kabla ya kuishiwa nguvu. Watatu waliendelea. Miili ya wale watano ilipatikana Februari 1960. Wawili kati ya watatu wakaonekana Mei mwaka huo, zaidi ya kilomita 30 mbele. Woravka akaonekana Agosti. Vernon Moore hajawahi kutambuliwa rasmi.

Kwa hiyo ndege ilipatikana kabla ya watu, na mmoja wa watu anahesabiwa hajapatikana hata baada ya mabaki ya ndege kuondolewa jangwani mwaka 1994. Ukisema tu "ilitunguliwa, wote wakafa", umeufuta mwenendo wote huo kwa kitenzi kimoja. Umewapa pia mizinga ya Italia sifa ambayo haikuitafuta.

Najua kinachowavuta watu. Kutunguliwa kuna moshi na ushujaa. Kupotea njia kwa sababu ya upepo wa mgongoni kunaonekana kama aibu. Sioni aibu yoyote. Vijana tisa kwenye safari ya kwanza, usiku, juu ya nchi isiyo na taa hata moja, wamepewa mwelekeo wenye pande mbili.

Basi wewe uliyeandika kwamba Lady Be Good "ilitunguliwa na Wajerumani 1943": picha uliyochagua ni nzuri na mwaka umeupatia. Badilisha kitenzi. Andika "ilipotea usiku wa kuamkia 5 Aprili 1943", na kama nafasi inaruhusu, ongeza kwamba mafuta yalikuwa yakiisha juu ya jangwa la Libya. Na kwa ndege nyingine yoyote utakayoikuta kwenye orodha bila maelezo, iache "ilipotea" mpaka uione ripoti yenye alama kwenye moja ya zile sehemu tatu.