Kabla hujasema dawa ni feki, fungua moyo wa mmea wa mahindi

Wiki hii ni simu ya nne sasa, hii imetoka Kakoneni. "Mwalimu, tumeuziwa dawa feki, nimepiga mara tatu na viwavi wako palepale." Nikamwambia mama, usinunue ingine, nakuja.

Nimefika saa nne jua limeshawaka, mahindi yako magotini. Nikakunjua moyo wa mhindi mmoja, yale majani machanga ya katikati yaliyojikunja, taratibu: kinyesi kimejaa kama vumbi la mbao lililoloa, na chini yake kalala mmoja tu, mnene, kama nusu ya kidole. Usoni ana Y iliyopinduliwa, karibu na mkia madoa manne meusi yamekaa mraba. Kiwavijeshi vamizi huyo, aliyeingia Kenya 2017, sio yule wa zamani anayetembea jeshi zima juu ya majani. Na yuko peke yake kwa sababu wakikua wanalana.

Sasa niambieni, umepiga dawa saa sita mchana, majani ya nje yameloa na kukauka hapohapo, yeye yuko ndani na kile kinyesi ni kizibo, dawa imfikie vipi? Halafu akishakuwa mkubwa hivyo hata ikimgusa hafi kirahisi, na mahindi ameshayala. Jamani, dawa ni ya kiwavi mtoto! Mtoto utamjua kwa jani: anakwangua upande mmoja, ngozi nyembamba inabaki kama kidirisha. Tafuta hivyo vidirisha mahindi yangali machanga, pita shambani mara mbili kwa wiki, na ukikuta mayai yamefunikwa manyoya kama ukungu yafinye kwa kidole, hapo umeua mia na zaidi bure. Kupiga ni jioni, nozeli, ule mdomo wa pampu, iangalie ndani ya moyo.

Mwarobaini unasaidia, kwa wadogo. Majivu, kusema kweli yananitatiza, nimeona yakifanya kazi shamba moja na la jirani yasifanye kitu.

Sukuma wiki ni mambo mengine: kale kakiwavi ka kijani kanakoning'inia kwa uzi ukikagusa, usikapige dawa ileile kila wiki, kanazoea haraka sana.

Kwa yule mama tumetoa wakubwa kwa mkono, mistari sita, tukawatupia kuku. Alhamisi magharibi narudi tuangalie majani mapya yanayochomoza.