Msimamizi "hakuku-quarrel": kukaripiwa kwa Kiingereza

Mfanyakazi anaandika barua ya malalamiko kwa Kiingereza: "My supervisor quarrelled me." Alichotaka kusema ni kwamba msimamizi wake amemgombeza. Msomaji aliyelelewa na Kiingereza cha Uingereza au Marekani anakwama hapo hapo, maana kwake "quarrel" ni ugomvi wa pande mbili. Akijitahidi kuisahihisha sentensi kichwani, ataisoma "quarrelled with me", na hapo mlalamikaji ameshageuka mshiriki wa ugomvi. Barua iliyoandikwa kumtetea imemtia hatiani.

Chanzo ni Kiswahili chetu. Kutoka "gomba" tunapata kugombana na kugombeza, na tofauti yote imebebwa na kiambishi cha mwisho. Kiingereza hakina kiambishi cha namna hiyo, kwa hiyo kinabadilisha kitenzi kizima: kugombana ni "quarrel", kugombeza ni "scold" au "tell off".

Lipo jingine ambalo madhara yake ni makubwa zaidi. Wengi tumezoea kuandika "he abused me" kwa maana ya alinitukana. Maana hiyo ipo kwenye Kiingereza, lakini siku hizi neno hilo likisimama peke yake, msomaji hufikiria kwanza kipigo au udhalilishaji wa kingono. Kama yalikuwa matusi, andika "insulted me" au "verbally abused me". Kwenye barua itakayofika polisi au kwa mwanasheria, hili si suala la ufasaha tu.

Turudi kwa "scold". Kitenzi hiki hushuka kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo, hasa mzazi kwa mtoto. Mtu mzima akisema bosi wake "scolded me", anajichora kama mtoto aliyevunja kikombe, na pengine ndivyo alivyojisikia. Zamani "scold" lilikuwa pia jina la mtu mwenye mdomo na mgomvi, aghalabu mwanamke, na sheria ya Uingereza ilimhesabu kuwa mhalifu. Kosa la kuwa "common scold" lilifutwa rasmi England na Wales mwaka 1967, ingawa lilikuwa limeshasahaulika mahakamani.

Kwa mazungumzo ya kila siku Waingereza husema "tell off", na Wamarekani wana "chew out", ambayo ni kali zaidi. Kwenye "tell off" angalia mambo mawili. Kiwakilishi hukaa katikati: "she told him off", kamwe si "she told off him". Na ukisahau hilo "off", karipio lote limepotea. Imebaki alimwambia tu.

"Rebuke" ndiyo inayokaribiana kabisa na kukemea. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inasema Yesu "rebuked the wind", na ya Kiswahili inasema aliukemea upepo. Jaribu kuweka "scold" hapo uone inavyochekesha. Rebuke ina uzito wa mamlaka na mara nyingi hutolewa hadharani, ndiyo maana magazeti huipenda: waziri amkemea balozi, jaji amkemea wakili.

"Reprimand" ni karipio la kiofisi, lile linaloingia kwenye faili. Juu yake ipo "censure", na tofauti ya hayo mawili inaonekana vizuri kwenye Baraza la Wawakilishi la Marekani. Mwaka 1997 Spika Newt Gingrich alipewa "reprimand" pamoja na kutakiwa kulipa dola 300,000. Mwaka 2010 mbunge Charles Rangel alipewa "censure": ilimbidi asimame mbele ya wenzake huku Spika Nancy Pelosi akimsomea azimio la kumlaani. Anayepewa reprimand hasimamishwi hivyo. Tafadhali usichanganye "censure" na "censor". Hili la pili ni kukagua na kuzuia maandishi au filamu.

"Criticize" ni kukosoa, na haihitaji cheo: mdogo anaweza kumkosoa mkubwa. Hufuatwa na "for", kama ilivyo kwa "blame". Lakini "accuse" hufuatwa na "of", na humaanisha tuhuma ambayo bado haijathibitishwa, ilhali mwenye ku-blame ameshaamua nani mwenye kosa. Waandishi wa habari wanaozichanganya hizi mbili wanatafuta kesi.

"Chide" ni kukaripia kwa upole, "berate" ni kumshukia mtu kwa maneno makali na marefu. Utazisoma zaidi kuliko utakavyozisema. "Nag" ni lile jambo moja linalosemwa asubuhi, mchana na jioni. Asili yake ni lugha za Skandinavia, ambako neno la jamii hiyo humaanisha kutafuna, na aliyewahi kufanyiwa hivyo anajua linavyofaa.

Na yule mfanyakazi wetu? Ningemshauri aviache vitenzi hivi vyote. Kama msimamizi alimfokea, aandike "shouted at me in front of customers". Kama alimpa barua ya onyo, aandike "gave me a written warning", na aambatanishe nakala yake.