Chonge iliyojificha: lini naagiza picha ya pande tatu

Mama mmoja aliniwekea diski mezani kabla hajaketi. "Daktari, tumeshapiga ile picha kubwa, ya kichwa kizima. Hatukutaka uhangaike." Binti yake alikuwa na miaka 10, meno ya mbele yamebanana kidogo, basi. Nilipouliza nani alimpima mdomo kabla ya kwenda kwenye mashine, alisema hakuna. Simlaumu mama. Ameambiwa hiyo ndiyo picha bora, na mzazi hutaka kilicho bora. Lakini niliumia, maana mtoto alipigwa mionzi bila kuwapo swali la kujibiwa.

Kazi yangu ni kupanga meno, na jino linalonipeleka mara nyingi kwenye picha ya pande tatu (CBCT, eksirei inayoonyesha meno na mfupa kipande kwa kipande) ni chonge ya juu. Huanza safari yake juu kabisa, kando ya pua, na ukiacha magego ya mwisho ndilo jino linalokwama zaidi: takriban watu wawili katika kila 100. Kuanzia miaka 9 au 10 naitafuta kwa kidole. Napapasa ufizi kwa nje, juu ya chonge ya utoto. Nikikuta kinundu kulia na kushoto, natulia, na mzazi anarudi nyumbani bila picha yoyote ya chonge.

Kinundu kikikosekana, au kikiwa upande mmoja tu na umri unasogea, napiga OPG, ile picha moja inayoonyesha taya zote. OPG itanionyesha chonge imelala vipi, ila haisemi wazi kama iko mbele ya mizizi ya jirani zake au nyuma, upande wa kaakaa. Kwa hilo kuna mbinu ya zamani aliyoieleza Clark mwaka 1910: unapiga picha mbili ndogo, na ya pili unaipiga baada ya kusogeza mashine pembeni kidogo. Ukiwa kwenye basi kati ya Moshi na Arusha, nguzo za umeme zinakimbia kurudi nyuma, lakini Kilimanjaro unafuatana nawe. Kilicho karibu hurudi, kilicho mbali hukufuata. Chonge ikifuata upande mashine ilikosogea, iko mbali na mashine, yaani kaakaani.

Mara nyingi hapo panatosha. Mwaka 1988 Ericson na Kurol wa Uswidi walitoa taarifa ya watoto wa miaka 10 hadi 13 waliong'olewa chonge ya utoto ili kuipa njia ile ya ukubwani iliyokuwa inaelekea kaakaani. Chonge 36 kati ya 46 zilirudi kwenye njia yake. Zile ambazo hazikuwa zimevuka nusu ya mzizi wa jino la pembeni, lile la mbele linalopakana na chonge, zilirudi kwa asilimia 91. Zilizovuka, asilimia 64. Mstari huo wa nusu ya mzizi nauona kwenye OPG ya kawaida.

Shida inaanza chonge inapolala juu ya mzizi wa jino la mbele la pembeni. Inaweza kuula mzizi huo kimyakimya, bila maumivu wala jino kulegea. Na ukiliwa kwa nyuma au kwa mbele, picha bapa hufunika shimo, kwa sababu sehemu nzima ya mzizi imesimama mbele yake. Mwaka 2000 watafiti haohao walitumia CT, eksirei nyingine ya vipande, kwa watoto ambao chonge zao zilikuwa zimepotea njia, wakakuta asilimia 38 ya meno ya pembeni yaliyopakana nazo yameliwa mizizi. Picha za kawaida zilikuwa zimekosa mengi kati ya hayo.

Hapo sasa nina swali, na jibu lake linageuza matibabu. Mtoto akihitaji kung'olewa jino ili nafasi ipatikane, kwa kawaida tunatoa gego dogo la mbele. Mzizi wa jino la pembeni ukiwa umekwisha, nitatoa hilo bovu na kuliacha gego zima. Na hata mzizi ukiwa salama, lazima nijue chonge imeugusa wapi, kwa sababu nikiivuta moja kwa moja kwenye mstari wa meno nitaiburuza juu ya mzizi wa mwenzake. Inabidi kwanza niishushe kuelekea kaakaani, kisha ndipo niilete mahali pake.

Nina sababu nyingine pia, kama mtoto mwenye mpasuko wa kaakaa anayesubiri kupandikizwa mfupa, au mtu mzima anayejiandaa kwa upasuaji wa taya. Meno kubanana peke yake si sababu. Mwongozo wa Tume ya Ulaya wa mwaka 2012 kuhusu mashine za CBCT nao unakataa kuipiga kichwa kizima kama desturi kwa kila anayetaka kunyoosha meno.

Kuhusu mionzi, wazazi huniuliza kwa hofu, nami nawapa kipimo. Mtu hupokea kutoka ardhini, angani na kwenye chakula mionzi ya wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka. OPG moja ni sawa na siku chache za hiyo. Picha ya pande tatu ya eneo dogo yaweza kuwa wiki kadhaa, na ya kichwa kizima, kwa mashine nyingine, miezi. Hatari kwa mtoto mmoja ni ndogo, lakini seli za mtoto bado zinagawanyika kwa kasi na ana miaka mingi mbele yake.

Kwa hiyo fomu yangu ya rufaa haiandikwi "CBCT" tu. Naandika: "Chonge ya juu kulia. Je, mzizi wa jino la pembeni umeliwa? Eneo la sentimita 5 kwa 5, taya la juu pekee." Napenda ipigwe kabla sijabandika waya, kwa sababu chuma huchora michirizi kwenye picha. Naomba pia nipewe diski yenyewe, si karatasi iliyochapishwa, maana vipande hivyo nataka nivigeuze mwenyewe, kimoja kimoja, mzazi akiwa ameketi pembeni yangu.