Homa ya nguruwe ya Afrika: mauzo ya haraka ndiyo yanayoisambaza

Karantini ya nguruwe inapotangazwa, swali la kwanza linaloulizwa mitaani ni iwapo kitimoto kinaua watu. Jibu ni hapana. Virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika havimwambukizi binadamu, wala havina uhusiano na mafua ya nguruwe yaliyozua hofu duniani mwaka 2009. Uchinjaji na usafirishaji husimamishwa kwa sababu nyingine, ambayo mfugaji anapaswa kuielewa kuliko mlaji: virusi hivi hubaki hai katika damu, mifupa na nyama, hata kwa miezi kadhaa nyama ikiwa imekaushwa au kutiwa chumvi, na popote nyama hiyo inapofika, makombo yake yanaweza kuishia kwenye kihori cha nguruwe mzima.

Ugonjwa huu asili yake ni Afrika. Ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921. Ngiri hubeba virusi bila kuugua, na papasi, aina ya kupe wanaoishi katika mashimo yake, huvihifadhi kwa miaka, kwa hiyo anayefuga jirani na hifadhi ana sababu ya kumwogopa ngiri. Lakini wafugaji wengi wanaopoteza nguruwe wao wako mbali na ngiri yeyote. Ugonjwa ulipoingia Lisbon, Ureno, mwaka 1957, inaaminika kuwa ulipitia makombo ya chakula cha ndege za abiria waliyolishwa nguruwe karibu na uwanja. Na ulipofika Georgia mwaka 2007 na China mwaka 2018, haukupelekwa huko na ngiri. Ulipelekwa na shughuli za watu.

Nguruwe aliyeambukizwa huanza kuonyesha dalili baada ya siku 4 hadi 19. Joto la mwili hupanda na kuweza kufikia nyuzi 42, anaacha kula, anayumba miguu ya nyuma, na nguruwe wa banda moja hujikusanya pembeni wakilaliana hata mchana wa jua kali. Ngozi ya masikio, tumbo na miguu hubadilika kuwa nyekundu, kisha zambarau. Wengine hutapika au huhara damu, wenye mimba huitupa, na vifo hufuata ndani ya siku chache. Katika milipuko mikali banda zima linaweza kuisha. Kwa nguruwe weusi wa kienyeji, wekundu huo wa ngozi hauonekani kwa urahisi, kwa hiyo mfugaji asiusubiri: nguruwe wawili au watatu kugoma kula kwa pamoja wakiwa na homa ni sababu tosha ya kumwita afisa mifugo.

Mtaalamu akimpasua mzoga hukuta bandama kubwa, nyeusi na laini inayomeguka kwa kidole, mitoki iliyovilia damu, na figo zenye vidoa vyekundu. Nasisitiza kuwa kazi hii ni ya mtaalamu, kwa sababu damu inayomwagika wakati wa kupasua ndiyo yenye virusi vingi kuliko kitu kingine chochote. Ni yeye pia atakayechukua sampuli za maabara, maana macho peke yake hayatoshi kutofautisha ugonjwa huu na magonjwa mengine ya homa.

Sindano za antibiotiki zinazouzwa katika maduka ya pembejeo haziuwezi ugonjwa huu, na hapa nchini Tanzania hakuna chanjo yake inayotumika. Zaidi ya hayo, anayezunguka banda kwa banda na bomba moja la sindano anaweza kuvigawa virusi yeye mwenyewe.

Hapo ndipo kishawishi kinapoingia. Nguruwe ni ada ya shule na mtaji wa msimu, na mfugaji anayeona wawili wamekufa usiku huwapigia simu wachinjaji alfajiri awauze waliobaki. Simlaumu kwa kuogopa hasara, lakini kwa maoni yangu hakuna tendo linaloeneza ugonjwa huu kwa kasi kama hilo. Mnunuzi huja na pikipiki iliyotoka kwenye mabanda mengine, anapakia wagonjwa pamoja na wazima, anachinja, na ifikapo jioni damu, utumbo na mifupa vimeshasambaa katika vitongoji kadhaa. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inaipa serikali mamlaka ya kuweka karantini kwa sababu hiyo hasa.

Anayeshuku ugonjwa afunge banda, asitoe nguruwe, nyama wala samadi, na atoe taarifa siku hiyohiyo kwa afisa mifugo wa kijiji au kata. Mizoga izikwe kwenye shimo refu au ichomwe chini ya usimamizi wake. Kuitupa mtoni au porini ni kuwaalika mbwa waiburute hadi kwa jirani. Aliyekuwa akiazimisha dume la kupandia aseme limepita wapi, hata kama anaona aibu.

Kwa mabanda ambayo bado ni salama, viatu vya bandani visitoke nje, na mlangoni liwekwe beseni la dawa ya kuua virusi inayobadilishwa kila inapochafuka, kwa kuwa dawa iliyojaa matope haina kazi. Makombo ya hotelini ni bora yaachwe. Asiye na njia nyingine ayachemshe kwa nusu saa nzima huku akikoroga. Nguruwe mgeni atengwe kwa wiki nne.

Banda lililopigwa lisafishwe, lipuliziwe dawa na kukaa tupu siku zisizopungua 40. Baada ya hapo waingizwe nguruwe wachache tu wa majaribio, wakiangaliwa kwa muda kama huo. Wakiugua, kazi ya usafi inaanza upya.