"Maji yanatembea": mambo tunayodanganyana kuhusu mto Luiche

Asubuhi moja bonde la Luiche, mkoani Kigoma, nilimkuta kijana anasuuza bomba la kupulizia nyanya, miguu imezama mtoni. Povu jeupe lilizunguka mara mbili kwenye matete, likashika mkondo. Chini kidogo mama alikuwa anajaza ndoo. Nilipomuuliza yule kijana kwa nini asuuzie humo, akanijibu kwa upole kabisa: "Kaka, maji yanatembea."

Jibu hilo nimelisikia mara nyingi mno, kwa hiyo tuanze nalo.

"Maji yanayotembea hujisafisha." Kwa kinyesi na mabaki ya jikoni kuna chembe ya ukweli: vijidudu huvila, jua na hewa vikasaidia. Zebaki na risasi hakuna kiumbe wa kuzimaliza. Hizo ni metali, haziozi. Mkondo unazihamisha tu hadi kwenye tope, na humo vijidudu huigeuza zebaki kuwa aina inayoshika mwilini. Kidudu huliwa na samaki mdogo, mdogo huliwa na mkubwa, na kila hatua sumu inajikusanya. Ndiyo maana, maji yakiwa yameingiwa na zebaki, sangala mkubwa huwa na mzigo mzito kuliko dagaa.

"Ukichemsha umemaliza." Umemaliza vijidudu, na hilo si dogo, usiache kuchemsha. Lakini bandika lita tano zibaki nne: risasi iliyokuwemo haijapungua hata chembe, ila sasa imebanana kwenye maji machache. Klorini nayo haiondoi metali. Shabu hutuliza tope yakapendeza machoni, na maji ya kupendeza ndiyo yanayotuponza, kwa sababu sumu nyingi hazina rangi wala harufu.

"Ziwa ni kubwa, litameza." Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, nani asiamini? Ila tazama maji yake yanavyoondoka. Mlango wa kutokea ni mmoja, mto Lukuga upande wa Kongo, na sehemu kubwa ya maji huondoka kama mvuke. Ni sufuria ileile ya jikoni, tofauti ni ukubwa. Mito ya Luiche na Malagarasi inaleta. Mvuke haubebi metali.

"Shamba langu, mto wangu." Shamba sawa. Maji, hapana. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inasema maji yote Tanzania Bara ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi. Nayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Hatua sitini ndefu za mtu mzima. Zihesabu siku moja bondeni uone matuta mangapi yamo ndani.

"Nina kibali cha maji." Kibali cha kutumia maji hakikupi ruhusa ya kuyarudisha machafu. Kumwaga maji taka mtoni kuna kibali chake, chenye masharti ya kiasi na ubora, na kwa huku kwetu hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika. Wengi huishia kulaumu NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira, peke yake. Bonde lina mamlaka yake, halmashauri nayo ina wajibu wake. Na sheria haisubiri uwe na kiwanda.

"Utupa ni mmea tu." Mmea wa kuvulia samaki, ndiyo, na ni sumu inayomzuia samaki kutumia hewa. Kuvua kwa sumu ni kosa, iwe imetoka dukani au porini.

"Walipima, wakakuta safi." Hii ndiyo inayonisumbua zaidi, maana hutamkwa kama hukumu. Sampuli ni chupa moja, ya mahali pamoja, ya dakika ile. Povu nililoliona pale matete lilipita kabla sijamaliza salamu. Ukipima kesho yake utapata nini? Na kipimo hujibu kilichoulizwa: waliotafuta vijidudu vya kuharisha hawajaulizia dawa ya nyanya. Kwa hiyo ukiona samaki wanaelea, andika saa na mahali, toa taarifa siku hiyohiyo, na samaki hao usiwapeleke nyumbani.

Yule kijana hakukasirika. Aliniuliza swali la haki: "Sasa nisuuzie wapi?" Shambani. Chota maji, panda nayo juu, suuza bomba mara tatu, na maji hayo yapulizie kwenye mimea ileile uliyotoka kuipulizia. Kopo la dawa lisuuze hivyohivyo, kisha litoboe, lisije likageuka la mawese.

Alichota ndoo mbili. Ya pili ilimwagikia njiani, akarudi kuchota nyingine.