Galicia: pwani ya mvua, maji baridi na kome

Wengi wakisikia Hispania wanawaza jua, mpira na Barcelona. Mimi kila anayeniuliza namwelekeza kaskazini magharibi, juu ya Ureno, mkoa unaitwa Galicia, ambako mvua inanyesha mpaka kuta za mawe zinaota majani. Kazi yangu ni sayansi ya bahari, nafuatilia maji na viumbe wenye magamba, na nasema bila kusita kwamba kama unapenda vyakula vya baharini hii ndo pwani ya kwenda. Ila uende ukijua kwamba huko upepo na mvua ndo vinavyoleta chakula na ndo hivyohivyo vinavyokizuia, ukishalielewa hilo utajua uende lini, uagize nini, na kwanini kuna siku mgahawa unakwambia leo hakuna.

Umbo la pwani kwanza. Pwani yenyewe imekatwakatwa na mikono ya bahari inayoingia ndani kilomita nyingi, wenyewe wanaiita ría. Zamani yalikuwa mabonde ya mito, barafu za dunia zilipoyeyuka bahari ikapanda ikayafunika. Kilindini na Tudor pale Mombasa zilitokea hivyohivyo, tofauti ni kwamba hizi za Galicia ni kubwa na midomoni mwake zina visiwa, Cíes mbele ya Vigo, Ons mbele ya Pontevedra, Sálvora mbele ya Arousa, na visiwa hivyo vinapunguza nguvu ya mawimbi ya Atlantiki ili ndani kubaki kumetulia.

Sasa siri yenyewe. Kuanzia kama Aprili mpaka Septemba upepo wa kaskazini unavuma ukifuata pwani, na kwasababu dunia inazunguka maji ya juu hayaendi moja kwa moja na upepo, yanasukumwa kulia kwake, yani yanatoka kuelekea bahari kuu. Nafasi ikibaki lazima ijazwe, na inajazwa na maji ya chini, baridi, yenye virutubisho tele, yanapanda na kuingia mpaka ndani ya ría. Vimea vidogo visivyoonekana kwa macho vikipata virutubisho hivyo na jua la kiangazi vinazaliana kwa kasi, na hapo kila kiumbe anayekula kwa kuchuja maji anashiba. Sisi wa Bahari ya Hindi tunalo jambo hilihili, kusi ikivuma pwani ya Somalia inapandisha maji baridi na samaki wanajaa, wavuvi wa kule wanalijua hilo toka enzi na enzi. Kwa mgeni maana yake ni hii: siku ya jua kali Julai na upepo wa kaskazini ukiwa umekaza, ndo siku ambayo maji ya kuogelea yatakuuma miguu. Usishangae kuona watu wamejaa mchangani na baharini hakuna mtu, kule Cíes hata Agosti maji ni baridi kweli.

Anayefaidi kuliko wote ni kome. Ukipita kwa boti kwenye ría ya Arousa utaona machelezo ya mbao za mkaratusi yamepangwa kwa safu mpaka macho yanachoka, Galicia nzima yako zaidi ya 3,000, yanaitwa batea. Kila chelezo linaruhusiwa kamba zisizozidi 500, kila kamba isizidi mita 12, na kwenye kila kamba kome wameng'ang'ania kuanzia juu mpaka chini. Vitoto vya kome vinakwanguliwa kwenye miamba ya nje inayopigwa na mawimbi, vinafungwa kwenye kamba kwa kiwavu chembamba ambacho kinaoza chenyewe baada ya muda mfupi, kufikia hapo kome keshajishikiza kwa nyuzi zake. Ukiiangalia kamba kwa karibu utaona vijiti vimepenyezwa katikati yake kila baada ya kipande, hivyo vinazuia mzigo wote usiteleze ukaanguka kwa uzito wake. Wakikua wanapandishwa juu, wanapunguzwa, wanafungwa upya, na mpaka wafike sokoni inaweza kuchukua mwaka na nusu hivi. Hawalishwi chochote na mtu, ni bahari tu, ndo maana nampenda sana kome huyu, protini safi isiyohitaji hata kilo moja ya chakula cha kununua.

Lakini bahari hiyohiyo ina upande wa pili. Kuna vimea vyenye sumu, kama Dinophysis, ambavyo kome akivichuja sumu inabaki mwilini mwake, yeye hadhuriki ila wewe utaharisha vibaya, na kupika hakuiondoi, chemsha unavyotaka sumu iko palepale. Ndo maana kuna taasisi ya serikali ya mkoa, INTECMAR, pale Vilagarcía de Arousa, kazi yake kupima maji na kome mwaka mzima, na sumu ikizidi kiwango eneo lile linafungwa, hakuna anayeruhusiwa kuvuna mpaka vipimo vishuke. Mara nyingi hutokea upepo wa kaskazini ukilegea mwisho wa kiangazi, wa kusini unaingia na kusukuma maji ya nje ndani ya ría. Kwa hiyo ukiambiwa hakuna kome wa hapa, muuzaji anakulinda, agiza kingine. Na usinunue kabisa kwa mtu wa barabarani asiye na karatasi.

Halafu mvua. Santiago de Compostela inapata kama milimita 1,800 kwa mwaka wakati Dar inapata zaidi kidogo ya 1,000, na mvua nyingi ya Santiago inanyesha Oktoba mpaka Februari, mara manyunyu ya kutwa nzima mara mvua kubwa na upepo. Maji ya mito yakizidi chumvi ya ría inashuka, kombe wadogo wa mchangani, wale wanaitwa berberecho, wanafunga magamba wakisubiri, siku zikipita nyingi wanakufa. Mvua za mwishoni mwa 2023 ziliua kombe kwa wingi sana, na walioumia zaidi ni wanawake wanaoitwa mariscadoras, wanaovuna wakitembea mchangani bila boti.

Hawa akina mama nakuomba uwaone. Bahari ikikupwa, hasa wakati wa bamvua ambapo maji yanashuka mpaka mita nne hivi kama kwetu Unguja, wanaingia na mabuti na reki, wameinama masaa mawili matatu wanachambua mchanga, kila kombe anapimwa ukubwa kwa kipimo cha mkononi na mdogo anarudishwa palepale. Wana leseni, wana ushirika wao, wana kiwango cha kilo kwa siku. Aliyewahi kuona akina mama wa mwani Paje na Jambiani ataielewa kazi hii bila maelezo. Simama pembeni, salimia, uliza, ila usiokote hata kombe mmoja, ni mali yao na bila kibali utapigwa faini.

Percebes je, wale viumbe wa baharini wenye umbo kama kidole? Hao wanaota kwenye miamba inayopigwa na mawimbi, kule Costa da Morte, pwani ya kifo, na mvunaji anashuka na kamba kiunoni kati ya wimbi na wimbi. Bei iko juu na inastahili. Hupikwa dakika chache tu kwenye maji ya chumvi: maji yakichemka unawatia, yakichemka tena unawatoa.

Pweza ndo wa kila mtu, huchemshwa kwenye masufuria ya shaba, hukatwa kwa mkasi na kuwekwa kwenye sahani ya mbao, chumvi ya mawe, paprika na mafuta ya zeituni. Mji maarufu kwa pweza ni O Carballiño, ambao hauna hata bahari, sikukuu yake ni Jumapili ya pili ya Agosti. Ujue tu kwamba pweza wengi wanaoliwa huko wanatoka Moroko na Mauritania.

Kwa wanaokula halali, supu ya caldo ina nguruwe na unga wa empanada, yani pai yao, mara nyingi umekandwa na mafuta yake, uliza kabla. Cíes ni hifadhi ya taifa, msimu wa watalii lazima uombe kibali kwanza mtandaoni, bure, ndo ukate tiketi ya boti. Toka Madrid treni ya kasi inakufikisha Santiago masaa matatu na kitu.

Mwezi? Mimi ningesema Septemba. Kome kashiba maji baridi ya kiangazi, mvua bado haijakaza, watalii wamepungua. Kaa wadogo wa nécora wapo. Centolla, yule kaa mkubwa wa miiba, msimu wake unafunguliwa Novemba hivi, kwa hiyo anayemtaka huyo aende Desemba na abebe koti la mvua la kweli, mwavuli upepo wa kule unaugeuza.