Je, wajua kwa nini hoteli iliyoshinda tetemeko la Tokyo ilikuja kubomolewa?

Ukitaja Imperial Hotel ya Tokyo wengi wanakumbuka stori moja tu, kwamba ilichorwa na msanifu majengo Mmarekani Frank Lloyd Wright na tetemeko kubwa la Kanto lilipopiga tarehe 1 Septemba 1923, karibu saa sita mchana, siku yenyewe ya kuizindua, hoteli ikabaki imesimama wakati watu zaidi ya laki moja wanakufa, wengi kwa moto. Sasa mbona leo haipo?

Anza na udongo. Pale chini ni tope laini linaloenda mbali sana, kwa hiyo Wright badala ya kutafuta mwamba akashindilia nguzo fupi nyingi za zege ili jengo liwe kama linaelea, halafu akaligawa vipande vipande, likitikiswa kila kipande kicheze chenyewe. Akili kubwa kwa kweli. Ila habari ya kwamba halikuguswa kabisa si kweli, sehemu ya katikati ilititia, na kuna maghorofa mengine ya Tokyo yalipona pia. Kilichosaidia mno ni bwawa la mbele ya hoteli, maji yake ndiyo yalitumika kupambana na moto.

Na tope halikuishia siku ile, miaka ikapita jengo linazidi kutitia, upande huu zaidi ya ule. Mwaka 1945 mabomu ya Wamarekani yakaunguza upande wa kusini. Yale mawe ya Oya yaliyolipamba, mawe ya volkano, ni laini na yanachongeka vizuri sana lakini hayavumilii mvua na moshi wa mjini, yakaanza kumomonyoka.

Lakini mimi naona kilichoimaliza hasa ni kiwanja. Ghorofa chache, vyumba havifiki 300, na eneo lenyewe ni katikati ya Tokyo karibu na kasri la kifalme ambako bei ya ardhi ilishapaa, mwenye mali gani angeacha? Watu walipinga ndani na nje ya Japani, haikusaidia, 1968 ikavunjwa na 1970 likafunguliwa jengo la ghorofa 17 palepale.

Kilichookolewa ni sehemu ya mbele na lobi. Ilijengwa upya taratibu Meiji-mura, makumbusho ya wazi karibu na Nagoya, ikakamilika 1985, na mpaka leo unaweza kukaa mle ndani ukanywa chai, ingawa sehemu ya unachokiona ni vifaa vipya maana mawe ya zamani yalikuwa yameshachoka.